Ng'ombe wa Kisa cha Kwanza

Kashaulili, Jumapili usiku, 1996

Na wala sikukosea kutafsiri. Ile kanda ina visa vitatu, kila kimoja na watu wake: makauboi, farasi, bastola, halafu mizimu inawala. Mwenye banda la video alishaniambia, watu wasipoogopa leo anatafuta mtafsiri mwingine.

Kisa cha kwanza mzimu ukawamaliza makauboi wote, ng'ombe wao wakabaki malishoni. Kikaanza cha pili. Mzee Luhende, yule mfugaji Msukuma asiyekosa Jumapili, akasimama mbele ya runinga.

"Ng'ombe wamebaki na nani?"

Nikamwambia kisa kile kimeisha, mzee wangu.

"Kimeishaje na ng'ombe wako nje, jua linazama?"

Banda zima likamuunga mkono. Mzimu unatafuna watu pale kwenye kioo, wao wanabishana habari za fisi.

Kufika kisa cha tatu sauti imenikauka. Maiti akatoka kaburini, akafungua kinywa. Hapo ndipo nilipopanga watu wakimbie. Wote wakageuka kunitazama mimi. Nikashindwa. Nikamtafsiria yule maiti: "Nimerudi kuwaingiza ng'ombe zizini."

Walipiga makofi mpaka mabati yakalia. Mwenye banda amefurahi, anataka kesho nirudie hivyo hivyo. Kutisha watu kumenishinda, na kazi nimebaki nayo.

Nimezima kibatari mara mbili, nimewasha tena. Mzimu siuogopi. Ila yule maiti hakusema hivyo, na ninayejua ni mimi peke yangu: wale ng'ombe mpaka sasa wako nje.