Maneno ya Mama Yaliyokosa Kipokezi

Kaka yangu mpendwa,

Nianze na maana ya neno, kwa kuwa mimi na wewe tulilelewa na mwanamke asiyevumilia neno lililotumiwa ovyo. Kipokezi ni kifaa kidogo, kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta ili kiisikilize kibodi isiyo na waya. Kibodi huita kwa mawimbi ya redio. Kipokezi husikia, hujibu kwamba kimesikia, na herufi hutokea kwenye skrini. Viwili hivyo hufungamanishwa kiwandani kwa lugha ambayo kipokezi kingine hakiielewi. Kibodi ikiita bila kujibiwa, hurudia mara chache, kisha huiacha herufi ipotee. Haihifadhi chochote. Yote haya ulinifundisha wewe, na ndiyo sababu siwezi kukuandikia kama mtu anayemwandikia asiyejua.

Unakumbuka nyumba yetu ya Voi, mama alipokuwa mpigachapa katika ofisi ya serikali? Alirudi jioni na taipureta kuukuu waliyotaka kuitupa, akatuketisha mbele ya dirisha. "Tazama Sagalla," alikuamuru. "Mlima hautahama. Vidole navyo havihitaji macho yako." Ulijifunza upesi. Mimi nilichungulia herufi, nikapigwa kofi jepesi mkononi, nawe ukanicheka mpaka ukaambiwa uchape ukurasa mzima upya.

Kisha ukaingia katika biashara ya kompyuta, na kila kibodi isiyo na waya iliyofika pwani ilipitia mezani kwetu kabla ya kufika kwa wateja wako. Ya kwanza uliitoa Mombasa, kwenye mnada wa vifaa vya hoteli iliyofungwa. Ilitumia mwanga usioonekana, kama ule wa rimoti ya televisheni, hivyo ilitaka njia nyeupe kati yake na kompyuta. Mama alikuwa katikati ya sentensi paka alipopita, na katikati hiyo ya sentensi ikatoweka. "Mashine gani hii," akauliza, "inayonyamazishwa na paka?"

Zikaja za redio, ambazo hazikujali paka wala ukuta, lakini zilikuwa na masafa machache mno. Ukaweka mbili katika saiba yako, lile duka la intaneti pale Voi, bila kuangalia kwamba zote zinaita kwa masafa yaleyale. Kijana mmoja alikuwa akiomba kazi ya ualimu. Mama mmoja kwenye meza ya pili alikuwa akimwandikia mumewe aliyekuwa Dubai. Nilikuwepo kijana alipokurupuka kwenye kiti: "Boss, hii computer yako inanitongoza! Inasema imenimiss!" Saiba nzima ikaangua kicheko, isipokuwa yule mama. Watengenezaji walipotambua kosa hilo waliipa kila kibodi kipokezi chake na lugha yake, isisikike kwingine. Ulifurahi kama aliyebuni mwenyewe. "Sasa hakuna kuchanganya watu," ulisema.

Ninayasimulia haya ili ieleweke kwamba katika ukoo wetu wote hakuna aliyejua kuliko wewe kipokezi ni nini.

Mama alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi nyumbani Bura kiharusi kilipomjia. Kilimnyang'anya sauti na miguu, kikamwachia vidole. Kalamu ilimponyoka. Simu haikumfaa, kwa sababu kioo chake ni laini kila mahali na macho yake yalikuwa hafifu kwa kisukari. Ni wewe uliyekuja na ile kibodi nyepesi, ukamwekea mapajani kitandani, ukaweka kipakatalishi chako juu ya meza ng'ambo ya chumba, herufi zikiwa kubwa kama za ubao wa darasani. Ninalisema bila kinyongo: miongoni mwa watoto wake, hakuna aliyemfanyia jambo bora zaidi. Akakunjua vidole, akautazama ukuta, akaandika: "Nani ameweka sukari nyingi hivi kwenye uji? Kiharusi hakijatosha?" Shangazi Wakesho, dada ya baba aliyekuwa akimtunza, alitoka jikoni na mwiko mkononi: "Wifi! Kumbe ulikuwa umeninyamazia tu!" Kwa majuma kadhaa mama aliiendesha nyumba kutoka kitandani, akiulizia kuku, akisahihisha Kiswahili changu.

Jumamosi ile kazi ikakuita Nairobi. Ulikunja kipakatalishi mbele yake, ukakitia begini, kipokezi kikiwa bado ubavuni mwake. Nilipopanda kutoka Voi adhuhuri nilikuta meza tupu, na mama akiwa na kibodi mapajani. Nikakupigia.

"Aa, kidude kiko hapa kwa laptop," ulisema. "Lakini nishafika Mtito."

"Kipe basi lolote linaloshuka Voi. Nitalingoja stendi."

"Dada, tulia. Si ni siku mbili tatu? Acha mama apumzike kuandika kidogo."

Sikuamini kwamba mwanawe aliyefundishwa naye kuchapa angeweza kuitamka sentensi hiyo. Alasiri hiyohiyo niliishusha kibodi Voi, nikaizungusha madukani. Fundi mmoja alijaribu vipokezi vyote alivyokuwa navyo kwenye droo, kisha akanirudishia: "Madam, hii bila mwenzake ni ubao wa kukatia mboga ya sukuma." Nikamrudishia mama kibodi yake, na Jumatatu nikaazima kompyuta shuleni ninakofundisha, nikanunua kibodi ya waya. Jumanne asubuhi nilikuwa nikivipakia garini Shangazi aliponipigia. Mama alikuwa amefariki alfajiri.

Unajua wazee wetu huuliza nini kikao cha mazishi kinapoanza. Mjomba, ndugu pekee wa mama aliyesalia, aliuliza kama inavyoulizwa siku zote: mzazi ameacha neno gani? Na neno hilo, likishatajwa mbele ya watu, ndilo huongoza nyumba. Ukasimama, mzaliwa wa kwanza, ukafungua kipakatalishi kilekile, ukasoma kwa sauti iliyotetemeka vizuri: "Nimeridhika na wanangu wote. Msigombane." Watu walilia. Nikasema, "Hayo aliandika Ijumaa. Si maneno yake ya mwisho."

"La mwisho liko wapi?" Mjomba aliuliza, si kwa ubaya. "Tuonyeshe, mwalimu."

Sikuwa na cha kuonyesha. Ndipo uliponishika bega, ukaniambia kwa upole uliosikika mpaka nyuma ya hema: "Dada, ule ulikuwa ugonjwa. Vidole vilikuwa vinacheza tu."

Baada ya mazishi niliketi na Shangazi jikoni, nikamwuliza, kwa utaratibu, aliona nini. Hajui kuchapa, kwa hiyo hawezi kubuni.

"Aliandika tangu umeondoka Jumapili," alisema. "Nikamwambia, wifi, pumzisha vidole, hiyo kitu hata haina tivii yake. Akaniangalia vile anaangaliaga watu. Akaendelea."

"Alibonyeza wapi?"

"Mara huku, mara huku, halafu kile kirefu cha chini. Tena huku na huku, halafu kirefu. Akikaa kidogo, anabonyeza kile kikubwa cha pembeni."

Kile kirefu hutenga neno na neno. Kile kikubwa humaliza mstari. Vidole vinavyocheza havitengi maneno, kaka. Mkono uliolegea hauijui aya. Kisha Shangazi akaniambia kwamba Jumatatu jioni mama alitandaza leso juu ya kibodi, akaisukuma kando, na hakuigusa tena. Wewe na mimi tulimwona ofisini mara nyingi tulipompelekea chakula: alifunika mashine pale tu barua ilipokwisha. Kwa hiyo mama hakukatizwa. Aliandika jambo lenye mwanzo na mwisho, akalimaliza, na kilichokuwa na uwezo wa kulisikia kilikuwa Nairobi, begini mwako.

Juma lililopita ukanitumia ujumbe kwamba fundi wa kaburi anangoja, na kwamba jiwe litaandikwa: MANENO YAKE YA MWISHO, na chini yake, NIMERIDHIKA NA WANANGU WOTE. Unaomba kibali changu kwa sababu Mjomba hataki jiwe lisimamishwe bila sisi wawili kukubaliana. Hili hapa jibu langu, na nimeliandika katika barua hii ya wazi kwa kuwa nawe ulisema hadharani. Jina lake liandikwe. Sentensi ile nayo iandikwe, kwa maana aliiandika kweli, na jioni ya Ijumaa hiyo niliisoma skrini kwa macho yangu. Maneno manne ya juu yake siyakubali. Hayatachongwa kwa kibali changu, hata jiwe likae kwa fundi mpaka liote kuvu.

Sikulaumu kwa kusahau. Kipokezi ni kidogo, na hata mtu makini hukisahau. Ninakulaumu kwa ile simu ya Mtito, ulipokuwa umeshakumbuka ukaamua haidhuru. Na zaidi ya hapo, ninakulaumu kwa kuugeuza ukimya ulioufanya mwenyewe kuwa ushahidi: ulimnyima mama kusikiwa, kisha ukasimama mbele ya ukoo ukasema hakuwa na jingine la kusema. Ulijisomea msamaha kutoka kwenye skrini yako, kisha ukaifunga. Huenda Ijumaa aliridhika. Jumatatu je? Hujui. Sijui. Kutojua huko ndiko urithi wetu wa haki, nawe unataka kuufunika kwa zege.

Naishi na hasira hii kwa utulivu, wala usidhani itapungua. Asubuhi nafundisha, jioni nasahihisha, na katikati napita pale madukani ambapo fundi yule hunisalimu kwa heshima ya msibani. Kibodi bado iko Bura. Shangazi huipangusa vumbi.

Liko jambo moja ambalo ushahidi wangu wote haulifikii. Macho ya mama yalikuwa hafifu, hayakuwa yamepofuka. Alikuona ukikunja kipakatalishi. Aliiona meza tupu, Shangazi alimwambia, na yeye, aliyechapa maisha yake yote ya kazi, alijua vema kuliko sisi kwamba pasipo karatasi wala skrini hakuna barua. Wewe unasema ni ugonjwa, na nimekwisha kuonyesha kwamba sivyo. Mimi nilizoea kusema kwamba alitungoja, lakini anayengoja hafuniki mashine.

Nakuaga, kaka, bila kukusamehe na bila kukukana. Ukipata jibu huko uliko, nitumie hilo badala ya mchoro wa jiwe: mtu anayejua kwamba hakuna kitakachomsikia, akatenga kila neno, akamaliza kila mstari, alikuwa akimwandikia nani?

Dada yako