Kumwigiza Telesphori

Jumapili, 7 Julai 2024
Telesphori amefariki jana, Dar. Moyo. Binamu yangu, mtani wangu. Nchi nzima imemwona kwenye televisheni, wengi hata jina lake hawalijui.

Mama yake, Shangazi Anisia, kakaa mkekani tu. Hajalia, hajala, hasemi. Baba Frank, msimamizi wa msiba, kaniita pembeni. Kasema mtani ni wewe, Hosiana, siku ya mazishi uvae nguo za marehemu umwigize. Mama acheke au alie, lolote, maana akiendelea hivi tutazika wawili.

Muuza mchele wa Ushirombo nimwigize mwigizaji!

Jumatatu, 8 Julai
Kutwa nzima na simu ya binti yangu, namtazama. Mwalimu mkuu mlevi. Dalali wa dhahabu. Padri mwoga. Halafu jukwaani, kikongwe kipofu — nimelia, nimesahau kabisa kwamba yule bibi ni Telesphori. Kila mmoja ana bega lake, kikohozi chake. Na yule mchimbaji! Kaonekana dakika nne tu, lakini kwa ajili yake alilala maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu ya Rwamgasa, wiki tatu, akibeba viroba vya mawe. Dakika nne. Mungu alimpa watu wangapi kwenye mwili mmoja? Naogopa.

Jumanne, 9 Julai
Mwili umefika, na sanduku la nguo. Nimejaribu mbele ya wifi yangu Monika. Kasema dalali nimempata, mwalimu pia. Nikamwuliza: na Telesphori mwenyewe alitembeaje?

Kafikiri. Kainuka anionyeshe — akatembea kama yule padri. Tukacheka. Miaka arobaini namtania mtu, mwendo wake siujui. Aibu.

Jumatano, 10 Julai
Asubuhi nimetoka na koti lake, viatu vyake. Uwanja mzima kicheko — dalali huyo! mwalimu huyo! Wengine wanacheka huku wanalia.

Nilipomaliza ndipo Shangazi akafungua mdomo. Kasema hao anawajua wote, kawaona kwa jirani kwenye televisheni. Mwanangu yuko wapi?

Nikavua viatu.

Kavivaa yeye. Kainuka bila kushikwa mkono. Akatembea toka mkekani hadi jikoni — mguu wa kushoto unaingia ndani kidogo, mikono nyuma, anasimama kila baada ya hatua chache kama mtu anayehesabu kuku. Ndiye! Nywele zilinisimama. Telesphori wa utotoni, wa likizo, yeye hasa. Baba Frank kavua kofia.

Shangazi kageuka, kavua viatu, kanipa. Sasa wewe.

Nimejaribu. Kasema sivyo, mguu. Nimerudia. Sivyo. Kengele ya misa imeshalia, wabeba jeneza wamesimama, hakuna wa kumwambia kitu. Nimekimbilia chumbani, eti natafuta soksi. Naandika haya nimesimama.

Namsikia huko nje. Anawaambia hazikwi mtu hapa mpaka mmoja wetu ajue alivyotembea. Ananiita —