Bibi Asiyetikisa Kikombe

Jabal Akhdar, msimu wa mawaridi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya asubuhi ya Tabora? Mimi mzima, ila mikono inanukia mawaridi hata nikila samaki. Dada Zuhura ameniandikia kwamba unauliza neno moja tu: nitakuja lini? Nimekaa kimya wiki tatu. Si kwamba sikusikia. Niliona haya, kwa yale ya safari iliyopita. Ngoja nikusimulie kilichonifungua mdomo.

Unajua kazi yangu huku ng'ambo, mlimani, ni kupokea wageni wanaokuja kuonja maji ya mawaridi. Nawaonjesha yaliyopikwa kwa kuni, yenye moshi ndani yake, kisha yale meupe ya mtambo mpya, halafu halwa na kahawa. Na kila siku nagombana! Madereva wa mabasi wanawapa wageni robo saa, kama wamekuja kujaza mafuta. Nimemwambia mwenye nyumba, tajiri wangu: anayempimia mgeni muda hajamkaribisha. Akacheka. "Ya Saidi, we mgomvi, lakini kahawa yako nzuri."

Juzi likaja basi la watalii. Miongoni mwao bibi mmoja, amevaa suruali na kofia pana ya jua. Nikawaonyesha wote: ukitosheka, tikisa kikombe, nami nitaacha kumimina. Wenzake wakatikisa. Yeye akawa anakirudisha mkono umetulia, namimina. Anakirudisha tena, namimina. Cha sita nikanong'ona kwa Kiswahili, peke yangu, "Huyu leo atalimaliza birika."

"Nalimaliza, kwani ni lako?" akanijibu, kwa Kiswahili cha Ujiji kabisa!

Mama, mimi niliyebishana na maprofesa, nikaweka birika chini na kumwamkia.

"Shikamoo, bibi. Nilidhani hukunielewa."

"Marahaba. Kutikisa kikombe nilijua kabla hujazaliwa. Lakini nikitikisa utaniacha, utakwenda kwa mwingine. Kanada ninakoishi, kahawa najitilia mwenyewe."

Dereva akapiga honi. Nikatoka nikamwambia basi haliondoki mpaka bibi atosheke, na kama ana hoja aje aitoe mbele ya birika. Akaja kwa hasira. Nikamtilia naye, akanywa.

Bibi akaniuliza, "Mama yako yupo?"

"Yupo, Tabora."

"Nani anammiminia?"

Nikamjazia kikombe.

"Sasa unanimiminia mimi hapa, unafanya nini?" Akakitikisa kikombe, akainuka.

Mama, safari iliyopita ulinimiminia kwa mkono wako mwenyewe. Nami, kwa hasira za kubishana na mjomba, nikatikisa kikombe cha kwanza, nikaondoka siku mbili kabla ya siku yangu. Ubishi niliushinda. Leo sikumbuki hata ulihusu kitabu gani. Nisamehe.

Mwenye nyumba amenipa ruhusa. Mawaridi yakiisha tu, naja.

Nisalimie dada Zuhura, mwandishi wako. Mjomba Khalfani mwambie safari hii sitabishana, labda kidogo. Na jirani yetu Bi Mwajuma, anayekukanda goti, mpe mkono wangu.

Birika nitalishika mimi. Nawe nakuomba jambo moja tu, mama: usikitikise kikombe upesi.

Mwanao mgomvi,
Saidi