Karatasi ya Upepo wa Cyanzarwe Haina Mwenyewe

Gisenyi, 14 Agosti 1999

Mpendwa mujukuu wangu Rayhana,

Assalaam alaikum. Hali yako huko Liège, Ubelgiji? Baridi haijakuuma? Unakula? Bibi yako Mukamazimpaka aliuliza hayo kabla mi sijashika kalamu. Sisi tuko wazima. Mugongo wangu tu unasumbua, lakini mugongo wa mutu aliyeendesha camion ya mizigo mpaka Bukavu bila kuanguka hata mara moja una haki ya kusumbua.

Usicheke mwandiko. Wengine wa rika langu wanaweka kidole tu.

Bon. Ile karatasi ya serikali uliyotoa kwenye mashine ya kompyuta pale chuoni ukanitumia, juu ya upepo mubaya unaotoka ndani ya ardhi, imenitia aibu.

Unalijua lile shimo la Cyanzarwe, kwenye mawe meusi, pale mbuzi walikuwa wanakufa bila kidonda. Sebahire, aliyerudi kutoka Masisi na watoto wadogo, anajenga humo. Kuta zimesimama, anatafuta mabati. Nikamwambia hapa halali mutu. Akanijibu, "Muzee Kadiri, sema tu unapataka wewe."

Nikamufunga kuku humo mbele ya watu wote, waone atakavyokufa. Siku ile upepo wa ziwa ulikuwa unavuma. Kuku akatoka anadonoa. Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Donc nikapeleka karatasi yako kwa konseye Mutabazi, mukubwa wa sekta yetu. Kila kitu iko mule: kwamba huo upepo hauonekani, kwamba unalala chini hewa ikitulia, unaua aliye kwenye mukeka kabla ya aliyesimama. Akasoma, akageuza nyuma, akageuza tena.

"Serikali gani hii, Muzee? Ofisi gani? Mwaka gani? Hata mi nikipata mashine naandika kwamba upepo wa Cyanzarwe unatibu kichwa."

Bila hayo, anasema, hawezi kumuzuia mutu kujenga.

Mi sina kosa, Rayhana. Karatasi ya serikali inawekwa kwenye kioo, ukutani, karibu na picha ya marehemu baba yangu. Fundi wa picha akakata kingo zote ipate kuingia, kama anavyokata picha zote. Yale maandishi madogo ya chini mi nilijua ni matangazo ya duka la mashine. Nani anaweka jina la serikali miguuni? Mukubwa anakaa juu!

Sasa rudi kwenye mashine. Andika ofisi iliyotoa habari, na nchi yake. Mutu aliyeandika, kama wamemutaja. Kichwa cha habari, mwaka, ukurasa. Weka na adresi ya pale mashineni na siku uliyoisoma, maana ulinambia mwenyewe kwamba karatasi za mashine zinabadilishwa, leo iko hivi, kesho vingine. Kama ile ofisi iliitoa pia kwenye kitabu, taja kitabu. Konseye anaogopa kitabu.

Usitume kwa posta. Tuma fax kwa duka la Wenceslas, hapa Petite Barrière, mupakani, ndiye anatuma hii yangu. Yote yakae juu, herufi kubwa. Safari hii hakuna wa kukata, nitasimama mwenyewe.

Tena ongeza: Kadiri wa Gisenyi aliyasema haya kabla ya hiyo ofisi. Kama wasomi munataja kila aliyesema, basi munitaje.

Musalimie kaka yako Kimenyi, na Connie mwenye nyumba yenu. Bibi anasema usivue kofia. Mungu akufungulie milango yote, akurudishe kwetu na akili zako zote.

Mi babu yako, nikupendaye kuliko wote wa huko,
Kadiri

Wenceslas alikuwa anaingiza barua kwenye fax, nikamuzuia niongeze hili: nimeona wapagazi wanavuka kutoka Goma na mabati ya Sebahire kichwani. Naenda na kiti changu kukaa mulangoni pake, watoto wasiingie. Harakisha. Leo hewa imetulia, hata jani halitikisiki.