Panya Kumi na Mmoja, Wote Wazima

Mjukuu wangu Nasrin, mke mwenzangu uliyenikimbia,

Simu zangu hupokei, basi nimemkalisha jirani yetu Raya aniandikie, na nimemwambia asipunguze hata neno. Huko Sanya Juu shangazi yako anakulisha vizuri?

Sikia maajabu. Tangu Jumatatu nimekamata panya kumi na mmoja, wote wazima. Ndani ya ndoo naweka ndizi mbivu, pembeni napaka mafuta ya kula, naegemeza ubao. Panya anapanda, anatumbukia, kutoka hawezi, anatulia kama bibi harusi. Asubuhi nawabeba hadi ng'ambo ya mto, nawaachia vichakani. Jana nimemkuta mmoja na vitoto vyake kwenye gunia la maharage, nikamhamisha na kiota chake kizima. Mzee Mashaka akanicheka njiani: "Bibi, leo unasindikiza wageni gani?" Nikamwambia, "Ingia ndooni, nikusindikize na wewe."

Sumu yote nimeitupa shimo la choo. Uliniambia paka wako atakula panya wa sumu, nikakujibu mtoto hanifundishi nyumba yangu. Paka akafa, ukafunga begi. Nilikosa, Nasrin.

Raya amenikodolea macho, hajawahi kusikia bibi akimwomba mjukuu msamaha. Atazoea. Humu ndani nimekutilia jani la isale, nimelifunga fundo kwa mkono wangu. Unajua kwetu Uchagani anayeombwa msamaha kwa isale hakatai. Basi usiniandikie majibu. Panda gari uje.

Ni mimi niliyekukosea,
Bibi Adija, Kiboriloni