Amplifaya Kubwa na Ile Ndogo

Alhamisi, usiku

Eti ile ndogo haina nguvu! Bado nimekasirika, Mungu anisamehe.

Fundi wa Arusha ametuletea amplifaya mbili za gitaa alizounda kwa mkono wake, zile zenye taa za kioo zinazowaka ndani. Tuchague moja; kesho anaondoka na nyingine. Mimi ndiye mpiga gitaa wa kwaya, nikadhani nitaulizwa.

Kwa ile ndogo nyuzi zinaongea taratibu, na waimbaji wakishusha sauti unasikia kila neno. Kubwa inakwaruza, inafunika wimbo mzima.

Lakini mwenyekiti wetu, Baba Elia, anapima kama tunavyopima spika za mkutano wa injili. Akafungulia kila moja kwa zamu mpaka mwisho, akamtuma Mama Rehema wa kwaya asimame barabarani, akisikia apunge kitenge. Kwa ndogo hakupunga. Kwa kubwa alipunga huku anacheza, mpaka bodaboda wakasimama kumshangaa.

"Umeona, Mama Neema? Hii itafika mpaka Singe!"

"Baba Elia, watu wa Singe wana kanisa lao. Sisi tulio humu ndani tutasikia maneno?"

Wanakwaya wakacheka wote, kisha wakanyoosha mikono: kubwa.

Jumapili kuna wimbo wa toba, wa polepole. Nitaupiga vipi na ngurumo ile, sijui...

Nimepiga magoti kuomba uvumilivu, nikajikuta naomba ile kubwa iungue. Nimelifuta ombi hilo. Nadhani nimelifuta.