Mbolea ya Kukuzia na Kamba wa Alcide

Jumamosi, 13 Juni
Mume wangu Verlyn amemwaga tena mbolea ya kukuzia kwenye shamba la kando ya barabara. Mara ya pili! Eti mahindi yana unjano, na Iowa nzima inayopita pale itasema hajui kulima. Nikamwambia redio imetangaza mvua. Kasema mbolea ya ziada haijawahi kumdhuru mtu.

Jumapili, 14 Juni
Mvua tangu alfajiri. Mfereji wetu umefurika, maji rangi ya chai. Yanakwenda mtoni, mto unakwenda Misisipi, na Misisipi inakwenda kwa mkwe wetu Alcide, mvuvi wa kamba kule Louisiana. Hilo silisemi mezani. Gazeti liliandika: mbolea yetu ikifika baharini, mwani unastawi, ukioza unamaliza hewa majini, kamba wanahama au wanakufa. Verlyn alilitandika gazeti chini ya vifaranga.

Jumatano, 22 Julai
Binti yetu Janelle, mke wa Alcide, kapiga simu analia. Wavu unatoka mtupu. Alcide anakwenda mbali zaidi kila siku na mafuta yanammalizia pesa. Boti ni ya marehemu baba yake. Msimu huu ukiharibika, wanaiuza. Nikamwambia pole, mwanangu.
Pole! Nina adabu sana mimi.

Jumapili, 26 Julai
Kanisani, wakati wa maombi, Verlyn kasimama. Tumwombee mkwe wake, kamba wamepotea, hakuna ajuaye kwa nini. Sauti ikamtetemeka — kweli anampenda yule kijana. Wakulima wote wakainamisha vichwa, na hakuna hata mmoja aliyebania mbolea mwaka huu. Mchungaji naye ana ekari zake. Nikasema amina kwa nguvu kuliko wote.
Kwenye kahawa, jirani yetu Duane akampiga begani: "Mzee, mahindi yako ya barabarani hayo! Kijani mpaka yanataka kuwa meusi! Unatutukana, au?" Verlyn katabasamu njia nzima.

Jumatatu, 21 Septemba
Boti imeuzwa.
Verlyn kawaambia waje kwetu, kazi ipo tele. Janelle atakuwa chumba cha juu, nitamsikia akitembea! Nimefurahi, kisha nikajionea haya hadi nikalia huku nikimenya viazi.

Jumatano, 4 Novemba
Mavuno yamekwisha, sasa ni mbolea ya mwakani. Leo Verlyn kamkabidhi Alcide trekta peke yake. "Fanya nilivyokuonyesha. Kando ya barabara ongeza kidogo." "Sawa, baba." Kafanya vizuri, mistari imenyooka. Verlyn kamsifia mpaka kijana kaona aibu.
Mchana Alcide karudi, kavua buti, kakaa. Nikapakua supu.
"Mama," kaniuliza mimi, si Verlyn, "lile bomba la mwisho wa shamba linatoa maji. Yanaenda wapi?"
"Mferejini."
"Halafu?"
"Mtoni."
Verlyn akasema supu inapoa. Janelle akaacha kukata mkate.
"Mto upi, mama?"
Nikasema ngoja nifuate miwani yangu. Nimefunga mlango wa chumbani, naandika haya nimesimama. Miwani ninayo usoni, wote wameiona. Huko mezani hakuna anayekula — hakuna hata kijiko kinachogonga bakuli. Sasa Alcide ananiita, taratibu, kwa heshima zake zote —